Injini ya Stirling kwa moto wa kuni: tuhesabu joto kabla ya wati

Kila ninapoiwasha injini yangu ndogo mbele ya watu, swali la kwanza huwa lilelile: inatoa wati ngapi? Huwajibu ukweli, kwamba siku ilipofanya vizuri kabisa ilitoa wati 6, nami huona hamu inavyowatoka. Bado sijampata anayeuliza maji yanayoipoza yanakwenda wapi. Ningependa tuanze na swali hilo, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mtu atengeneze injini ya Stirling ya kuzalishia umeme wa nyumbani kwa kuni, magunzi au pumba, au aiache kabisa na muda wake autumie kwa jambo jingine.

Msimamo wangu ni huu. Injini ya Stirling inayolishwa bayomasi, yaani kuni na mabaki ya mimea, ni mtambo wa joto unaotoa umeme kidogo pembeni. Nyumba inayohitaji joto kila siku, kwa saa nyingi, na ambayo tayari inachoma kuni, ina sababu nzuri ya kuitaka. Nyumba inayotaka umeme peke yake haina. Na atakayeamua kuijenga aanze na moto, pistoni zije baadaye, maana upande wa moto ndio umekuwa ukiziangusha injini hizi karibu tangu zilipovumbuliwa.

Kwa asiyeifahamu, injini hii haina valvu wala plagi, na hakuna kinacholipuka ndani yake. Ndani kuna hewa ileile iliyofungiwa, haitoki wala haiingii nyingine. Upande mmoja wa silinda unapashwa moto kutoka nje, upande wa pili unapozwa. Pistoni ni mbili. Moja imelegea, haigusi kuta, na kazi yake ni kuihamisha hewa kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi na kuirudisha. Ya pili, pistoni ya kazi, imebana barabara na ndiyo inayozungusha gurudumu. Hewa ikiwa upande wa moto inatanuka na kusukuma. Ikiwa upande wa baridi inanywea na pistoni inarudi. Kwa kuwa moto uko nje, injini haijali kama unachoma mbao, vifuu, makapi ya miwa au vumbi la mbao. Ndiyo maana wengi tuliipenda mara tu tulipoielewa.

Robert Stirling, mchungaji wa Kanisa la Scotland, aliichukulia hataza mwaka 1816. Injini za hewa ya moto hazikuwa ngeni kabisa wakati huo. Kilichokuwa kipya hasa ni kile alichokiita kiweka akiba: njia iliyojaa chuma chembamba kati ya upande wa moto na wa baridi. Hewa ikitoka motoni inaacha sehemu kubwa ya joto lake humo, ikirudi inalichukua. Bila kitu hicho kila mzunguko unaanza kuipasha hewa upya toka ilipopoa, na gharama yake inalipwa kwa kuni.

Mafundi wengi wa nyumbani huiruka sehemu hii kwa kuwa injini huzunguka hata bila ya hiyo. Yangu nayo ilizunguka bila ya hiyo kwa miezi kadhaa. Kisha nikafungasha gramu chache za nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kwenye nafasi inayozunguka pistoni iliyolegea, nikawasha moto wa ukubwa uleule. Kasi ilipanda kutoka mizunguko 300 kwa dakika hadi 420. Furaha hiyo ilidumu wiki mbili, kwa sababu nyuzi zile zilimeguka, vipande vikaingia kwenye silinda ya kazi na kuichora mistari. Sasa natumia wavu wa chuma kisichoshika kutu, uliokatwa kwa mikanda na kukunjwa, na hausumbui.

Turudi kwenye wati, maana haziepukiki. William Beale, aliyebuni injini ya Stirling ya pistoni huru, isiyofungwa kwenye krenki, mwaka 1964 akiwa Chuo Kikuu cha Ohio, ameacha jina lake kwenye kanuni moja fupi iliyotokana na vipimo vya injini nyingi zilizokwisha kutengenezwa. Chukua presha ya hewa iliyo ndani kwa baa (baa 1 ni karibu sawa na presha ya hewa tunayovuta), zidisha kwa mizunguko ya kila sekunde, zidisha kwa ujazo ambao pistoni ya kazi inaufagia kwa sentimita za ujazo, kisha zidisha kwa 0.015. Unapata wati, iwapo injini imetengenezwa kwa ustadi na kichwa chake, yaani upande wa moto, kina joto la nyuzi 650 hivi za Selsiasi. Injini yangu inafagia sentimita za ujazo 120, ina presha ya kawaida ya hewa tunayovuta, na inazunguka mara 7 kwa sekunde. Kanuni inasema wati 12 na ushei. Kichwa changu hakifiki nyuzi 650 hata kwa mbali, kwa hiyo wati 6 zinaeleweka.

Sasa fanya hesabu hiyo kinyumenyume. Unataka wati 200, za kuwasha taa, kuchaji simu na kuendesha feni na redio. Kwa presha ya kawaida na mizunguko 10 kwa sekunde, pistoni ya kazi inapaswa kufagia lita 1.3. Hiyo ni pistoni kubwa, na ya kuhamisha hewa pia inabidi iwe kubwa, na gurudumu zito, na msuguano unaongezeka kila mahali. Mwaka 1853 John Ericsson alifunga injini ya hewa ya moto kwenye meli iliyobeba jina lake, ikiwa na silinda nne za kazi, kila moja na kipenyo cha zaidi ya mita 4. Zilizunguka, lakini nguvu ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia, na baada ya muda mfupi ziling'olewa, ikawekwa mitambo ya mvuke. Hewa yenye presha ndogo inataka chuma kingi ili itoe nguvu kidogo, na hakuna ufundi wa kulikwepa hilo.

Njia ya kutoka ni kuishindilia hewa. Ukiweka baa 10, lita ile 1.3 inashuka hadi sentimita za ujazo 133, kama injini ya pikipiki. Philips ya Uholanzi, iliyoanza kuishughulikia injini hii miaka ya 1930 ikitafuta umeme wa redio mahali pasipofikiwa na nyaya, ilipita njia hiyo na kupata jenereta ya takriban wati 200 inayobebeka. Ilipokuwa tayari, redio za transista zilikuwa zinakaribia, nazo zikatosheka na betri.

Ningemwomba anayefikia hatua hii atulie kabla hajaendelea, maana hapa kuna hatari ya kweli. Hewa iliyoshindiliwa ina oksijeni nyingi. Ukungu wa oili ukiingia humo na kukutana na chuma chenye nyuzi 600, unaweza kuwaka kwa kishindo, kama dizeli inavyowaka ndani ya injini yake. Kwa hiyo usiweke oili kabisa katika silinda wala katika boksi la krenki lililounganishwa nayo. Tumia beringi zilizofungwa, na ringi za tefloni au pistoni ya grafiti, ambazo huteleza zikiwa kavu. Ukiweza, jaza naitrojeni badala ya hewa, na hatari ya kuwaka inaondoka. Chombo chote kipimwe kwanza kwa maji, kwa presha kubwa kuliko ile utakayoitumia, kwa sababu maji karibu hayashindiliki; kikipasuka kitavuja tu, ilhali kilichojaa hewa kingerusha vipande. Na alteneta iwe ndani ya chombo hichohicho kilichofungwa, ili kinachotoka nje kiwe ni nyaya mbili tu. Mhimili unaozunguka huku ukipita kwenye ukuta wa presha utavuja mapema kuliko unavyodhani.

Lakini presha, pistoni na krenki ni mambo ambayo mkereza vyuma mzuri anayaweza. Kinachomshinda mtu ni kuliingiza joto.

Ukitazama mwali wa kuni unaovuma, unadhani joto lote lile liko tayari kuingia kwenye chuma. Gesi za moto hazitoi joto kwa wepesi hivyo. Kwa hesabu ya haraka, mita ya mraba ya chuma hupokea kama wati 40 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati yake na gesi inayoipitia. Gesi ikiwa na nyuzi 1,000 na chuma nyuzi 500, hiyo ni kilowati 20 kwa mita ya mraba. Ukitaka kilowati 2 ziingie kwenye injini, unahitaji sentimita za mraba 1,000 za chuma kilichokaa katikati ya moto. Kichwa laini cha silinda, chenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 10, kina sentimita za mraba 390 hivi. Makaa mekundu yanayokitazama kichwa moja kwa moja huongeza kiasi fulani, lakini pengo haliishi. Ndiyo sababu unaweza kuwa na moto mkali kabisa na injini inayojikokota.

Anayechoma gesi safi anatatua jambo hili kwa mabomba mengi membamba au mapezi yaliyosongamana, yaani mabamba membamba yanayoongeza eneo la chuma. Anayechoma kuni hana uhuru huo, kwa sababu ya majivu. Mbao safi isiyo na gome haitoi hata asilimia 1 ya uzito wake kama majivu. Pumba za mpunga zinatoa karibu asilimia 20. Wingi si tatizo peke yake. Majani makavu, mabua na magunzi yana potasiamu nyingi, nayo inayafanya majivu yalainike mapema, mengine kwenye nyuzi 800 hivi. Majivu yaliyolainika yakigusa chuma kilicho baridi kuliko yenyewe yanaganda hapohapo. Nilikifungua kichwa cha injini yangu baada ya saa 40 za kuchoma magunzi, nikakikuta kimevaa ngozi ya kijivu inayong'aa kama kioo, unene wa kadi. Nilipoigonga kwa bisibisi ilibanduka kwa vipande kama kigae. Chini yake chuma kilikuwa na vishimo vidogo. Nilikuwa nimejiuliza kwa wiki nzima kwa nini nguvu inapungua kila siku, na pistoni niliikagua mara tatu.

Kuna fundo lingine ambalo sijaona likielezwa vya kutosha, na ndilo linaloifanya kuni kuwa ngumu kuliko gesi. Gesi ya moto haiwezi kukiacha chuma ikiwa baridi kuliko chuma chenyewe. Kichwa kikiwa na nyuzi 600, moshi unaotoka hapo una nyuzi 600 na zaidi, kwa hiyo karibu nusu ya joto la kuni linapita bila kuigusa injini. Kwenye injini za gesi, moshi huo hutumiwa kuipasha hewa inayokwenda kuwasha moto, na joto linarudi motoni. Ukifanya hivyo kwa kuni, moto unapanda zaidi, majivu yanayeyuka, na umerudi kwenye kioo cha kijivu. Ukiupunguza moto ili majivu yasiyeyuke, nusu ya joto inakwenda na moshi. Wahandisi waliobobea wamebanwa hapo hapo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark kilitengeneza injini ya silinda nne ya kilowati 35, iliyojazwa heliamu na kulishwa vipande vya mbao, mashine ya hali ya juu, na umeme uliopatikana ulikuwa karibu asilimia 12 ya nishati ya mbao.

Kama wao walipata 12, mimi na wewe katika karakana ya nyumbani tujipangie 5 na tushukuru tukiipata.

Asilimia 5 maana yake nini mezani? Kilo moja ya kuni iliyokaushwa kwa hewa vizuri, yenye unyevu wa asilimia 20 hivi, ina nishati ya kama uniti 4. Kwa asilimia 5 unapata uniti 0.2. Uniti moja ya umeme inakula kilo 5 za kuni. Injini ya wati 200 inataka kama kilo moja kila saa, na mtu wa kuikata, kuikausha, kuilisha na kuzoa majivu. Paneli ya sola ya wati 200 siku yenye jua zuri inatoa karibu uniti 0.8 bila ya mtu kunyanyua hata kijiti. Anayetafuta umeme tu, na jua analo, nitamwambia anunue paneli na betri, na nitamwambia hivyo nikiwa ni mtu ninayeipenda injini hii kuliko wengi. Kuchoma kilo 5 za mti ili kupata uniti moja na kuliacha joto lote lipotee ni kosa ambalo hakuna uzuri wa mashine unaoweza kulifuta.

Ila zile asilimia 95 hazijapotea mpaka wewe uzipoteze.

Injini ya wati 200 inahitaji kuondolewa kama kilowati moja ya joto upande wake wa baridi, vinginevyo inasimama. Ipitishe kwenye pipa la lita 100 kwa saa 4. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 yanamaliza na nyuzi 59. Hayo ni maji ya kuoga familia nzima, ya kufulia, ya kuanzia kupika, ambayo kama si injini ungeyachemshia kuni nyingine. Weka na koti la maji kwenye bomba la moshi, na ile nusu iliyotoroka inarudi. Sasa umeme umekuja juu ya kazi ambayo kuni ilikuwa inaifanya tayari, na hesabu ya kilo 5 kwa uniti haikuhusu tena, kwa sababu kuni imeshalipwa na maji ya moto. Unachojiuliza ni kilo ngapi za ziada umechoma kwa ajili ya umeme, na jibu ni kidogo sana, kwa kuwa nishati iliyogeuka umeme ni kidogo na iliyobaki ipo kwenye pipa.

Kuna watu watasema maji ya nyuzi 60 yanaiharibia injini, kwamba upande wa baridi lazima uwe baridi kweli. Mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alishatupa hesabu yake mwaka 1824, tuipime. Kichwa kikiwa na nyuzi 600, na maji ya kupoza yakiwa na nyuzi 40, kiwango cha juu kabisa cha joto kinachoweza kugeuka kazi kinadharia ni asilimia 64. Maji yakipanda hadi nyuzi 70, ni asilimia 61. Umepoteza kidogo mno, na umepata maji yanayofaa kazi. Kichwa kikiwa na nyuzi 300 tu, mabadiliko hayohayo yanakushusha kutoka asilimia 45 hadi 40, na hapo utaumia. Kwa hiyo aliye na moto mzuri anaweza kumudu maji ya moto, na aliye na moto dhaifu analazimika kumwaga joto kwa nyuzi chache zisizofaa kitu. Kila ninapoligeuza jambo hili linanirudisha kwenye moto.

Austria wamelielewa hilo. Kampuni ya ÖkoFEN imetengeneza boila za nyumbani zinazochoma vidonge vya mbao na kubeba ndani yake injini ya Stirling ya pistoni huru ya kilowati 1, iliyofungwa kabisa, bila oili, kutoka kampuni ya Microgen. Mwenye nyumba hanunui jenereta. Ananunua boila ya kupashia nyumba wakati wa baridi, na boila hiyo inafanya kazi saa nyingi kwa siku, miezi kadhaa kwa mwaka, huku ikitiririsha umeme wakati ambao jua limepungua. Huo ndio mpangilio ninaouona kuwa sahihi: joto ndilo lililoagizwa, na umeme umepanda gari lilelile.

Ni haki pia kuwataja washindani wengine wa moto wa kuni. Tanuri la kugeuza kuni kuwa gesi na kulisha injini ya petroli linakula kama kilo moja na kitu kwa uniti, mara nne bora kuliko karakana yangu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ulaya iliendesha magari mengi mno kwa njia hiyo petroli ilipoadimika. Lakini gesi ile ina lami inayonata kwenye valvu, inataka vichujio vya kusafishwa kila mara, na sehemu kubwa ya nguvu yake ni kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayoua. Siwezi kumshauri mtu aiweke karibu na vyumba vya kulala. Injini ya mvuke inataka boila lenye presha ya maji yanayochemka, na boila la kujitengenezea silitaki nyumbani kwa mtu yeyote. Na kwa anayehitaji chini ya wati 20, vipande vya kugeuza joto kuwa umeme visivyo na kitu kinachozunguka vinatosha. Wasovieti waliviweka juu ya taa ya mafuta miaka ya 1950 na kuendeshea redio. Ufanisi wake ni asilimia 5 au chini, lakini havitaki mkereza vyuma, wala gasketi, wala ringi.

Injini ya Stirling inabaki na nafasi yake katikati: mamia ya wati, saa nyingi, mahali joto linapohitajika, na pale ambapo ukimya na usalama una thamani. Ikikaa vizuri unaisikia kama saa ya ukutani yenye haraka. Unaweza kuzungumza pembeni yake bila kupandisha sauti.

Nimeshasema aanze na moto. Nieleze ninachomaanisha, kwa sababu hapa ndipo fundi wa kawaida anaweza kushinda kiwanda. Moto unaoifaa injini una sifa tatu: una joto la juu, ni safi, na hautikisiki. Joto la juu linatokana na chumba kidogo kilichozungushiwa matofali mepesi yasiyopitisha joto, ili kuni isipoteze nguvu kuipasha kuta. Usafi unatokana na hewa ya pili inayoingia juu ya makaa na kuunguza moshi kabla haujafika kwenye chuma. Masizi yakikaa kwenye kichwa ni blanketi. Kutotikisika ndiko kugumu zaidi. Siku moja nilifunga kipimajoto kwenye kichwa na kukaa mbele yake na saa. Kipimo kilikuwa nyuzi 410. Nikafungua mlango, nikaweka vipande vitatu vya kuni, nikafunga. Ndani ya dakika moja kilikuwa nyuzi 340, na mlio wa injini ukashuka kana kwamba mtu ameshika gurudumu kwa kidole. Ilichukua dakika tisa kurudi palepale, na muda huo kuni iliyokuwa nyuma yangu ilikuwa inanisubiri tena. Tangu hapo nimejenga shingo ya kulisha kuni kutoka juu, inayoshuka yenyewe kwa uzito wake kadiri inavyoungua chini, na mlango sifungui.

Kuna faida nyingine ya moto wa namna hii ambayo kwangu ina uzito kuliko wati zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Moto unaoihudumia injini vizuri, mkali, mkavu, wenye bomba la kutoa moshi nje, ni moto uleule unaoondoa moshi machoni na vifuani mwa wanaopika. Mtu akijenga tanuri hilo kisha asifike kwenye injini kabisa, familia yake imeshafaidika.

Ndiyo sababu sasa hivi injini yangu ya pili, ninayoitengeneza kwa presha ya baa 8, iko juu ya meza ikiwa vipande, na tanuri linafanya kazi peke yake. Juu ya chumba cha moto nimeacha tundu la sentimita 14 ambalo kichwa kitaingia. Kwa sasa limezibwa kwa bamba la chuma kisichoshika kutu la milimita 4, lenye mapezi manane tu upande wa moto, yaliyoachana kwa upana wa kidole ili brashi ipite. Nyuma yake nimefunga koti la maji linalofyonza joto kama injini itakavyofyonza. Napima maji yanayoingia na yanayotoka, napima kuni kwa mizani kabla ya kuwasha, na naandika. Wiki ya kwanza joto lililopita kwenye bamba lilikuwa wati 700. Niliinua makaa sentimita 6 karibu na mapezi, likawa wati 1,150. Kuni ni za mbao zilizokaa chini ya paa mwaka mzima. Magunzi nimeyaacha kwanza. Jana nililifungua bamba baada ya saa 60, nikapitisha kitambaa juu ya mapezi. Kilitoka na vumbi jepesi la rangi ya maziwa, na chuma chini yake kilikuwa laini.